Mwanafunzi akianguka uwanjani, nani anakimbilia wapi?

Ilikua mwezi wa pili, bonanza la shule tano, saa nane mchana, jua lile la kwetu huku Morogoro ambalo hata mbwa hatembei, na kijana wetu mmoja wa Form Two akaanguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu yeyote. Alikua anakimbia tu kurudi golini, akayumba hatua mbili tatu kama mtu aliyelewa, afu akaenda chini. Mi ndo nilikua mwalimu wa michezo, na mpaka leo nikifumba macho naona ile soksi yake moja iliyoshuka mpaka kwenye kifundo.

Kilichofuata naomba nikieleze taratibu kwa sababu ndo kiini cha makala yote hii. Watu kama sitini waliingia uwanjani kwa mkupuo. Mmoja akammwagia maji usoni, mwingine akasema mnusisheni kitunguu, mwingine anapiga kelele leteni kijiko amemeza ulimi, refa anapuliza filimbi watu watoke na hakuna anayemsikia. Boksi la huduma ya kwanza lilikuepo, jipya kabisa, lakini lilikua kabatini ofisini na ufunguo alikua nao mhasibu ambaye hiyo siku hakuepo shuleni. Gari tukapata, Noah ya mzazi mmoja aliyekuja kuangalia mechi Mungu ambariki, lakini geti la upande wa uwanja lilikua na kufuli na mlinzi alikua amekwenda kunywa chai. Tukambeba mikononi kuzunguka madarasa. Ndani ya Noah tukaingia walimu watatu, na kati yetu watatu hakuna aliyekua na namba ya mama yake. Zahanati ya karibu tukakuta muuguzi mmoja anazalisha, tukaambiwa twendeni kituo cha afya.

Kijana alipona. Ilikua joto, hakua amekula tangu jana yake usiku, na alikua amecheza mechi mbili mfululizo. Ila nilipokaa usiku kuhesabu, toka anaanguka mpaka gari linatoka getini ilikua dakika kama 23. Pale uwanjani hamna aliyekua mzembe, kila mtu alikua anampenda yule mtoto na kila mtu alikua anafanya kitu. Tatizo ni kwamba hatukua tumekubaliana mapema nani anafanya nini, kwa hiyo wote tulifanya kitu kimoja, kukimbilia kwa mtoto, na hakuna aliyekimbilia geti.

Ndo maana mtu akisema shule ina maandalizi ya dharura za michezo afu akanionyesha boksi la bandeji, namwambia bado hujaanza. Lakini kabla ya kufika kwenye mpango wenyewe lazima tuelewe kwanza mtoto anaanguka kwa sababu gani, maana kila sababu ina saa yake, zipo za kukimbiza hospitali haraka na zipo ambazo ukikimbiza gari kabla ya kufanya kitu pale pale chini, unampoteza njiani.

Ya kwanza na ya kutisha kuliko zote ni moyo kusimama. Wengi tunakumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, tarehe 26 Juni 2003 pale Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, ana miaka 28, hakuguswa na mtu, akaanguka na hakuamka. Misuli ya moyo wake ilikua imenenepa kupita kawaida, kitu ambacho mtu anaweza kuishi nacho miaka yote bila kujua. Hapa kwetu Desemba 2016 Uwanja wa Kaitaba Bukoba kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka mechi ikiendelea, akafariki. Sasa weka pembeni hizo mbili uangalie Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka London Machi 2012 akiichezea Bolton, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe na leo yuko hai. Au Christian Eriksen wa Denmark, Juni 2021, alirudi kwa kukandamizwa kifua na mshtuko mmoja wa ile mashine ya kushtua moyo. Hawa wawili waliokolewa na kazi iliyoanza pale pale kwenye nyasi, kwa sababu kulikua na watu wanaojua wafanye nini na hawakusubiri kufika hospitali ndo waanze. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kushtuliwa nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 mpaka 10, na ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika nne tano hivi. Zile dakika zangu 23 zingekua ni za kubeba maiti, nasema hivyo bila kuficha.

Na hapa ndo kuna lile jambo la kumeza ulimi, linaniuma sana kwa sababu linapoteza watoto. Ulimi haumezwi. Umeshikwa kwa chini, hauwezi kwenda tumboni wala kooni ukapotea. Kinachotokea ni kwamba mtu akizimia misuli yote inalegea, na akiwa amelala chali ulimi nao unalegea unaangukia nyuma unaziba njia ya hewa. Dawa yake ni kuinamisha kichwa nyuma taratibu na kuinua kidevu juu, njia inafunguka yenyewe. Ila ukihisi kaumia shingo kichwa usikiinamishe, sukuma taya tu kwa mbele. Kama anapumua vizuri na hajaumia shingo, mlaze ubavu. Hakuna kijiko, hakuna vidole mdomoni. Mtu ambaye moyo umesimama taya zinaweza kukaza kabisa, anaweza hata kutikisika mikono na miguu sekunde kadhaa, na watu wote uwanjani wanasema ni kifafa, wanaanza kuhangaika na mdomo wakati kifua ndo kinachohitaji mikono. Au utamwona anavuta pumzi moja moja ya kukoroma, kama samaki aliyetolewa majini, mtu anasema afadhali anapumua. Kule sio kupumua, ni moyo umesimama na mwili unagombania. Kanuni tuliyojifunza ni hii, mwanafunzi kaanguka mwenyewe bila kugongwa, umemwita kwa jina umempiga mabegani haitikii, umeangalia kifua kwa sekunde zisizozidi kumi hakipandi kawaida, basi chukulia moyo umesimama uanze kukandamiza. Katikati ya kifua, viganja viwili kimoja juu ya kingine, mikono imenyooka, chini kama sentimita tano, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, unaachia kifua kirudi kila mara. Anayejua kumpulizia anakandamiza mara 30 anapuliza 2, asiyejua akandamize tu asisimame. Unachoka haraka sana, baada ya dakika mbili unakua huna nguvu, kwa hiyo lazima watu wawe wanapokezana na hao wapokezanaji wajulikane. Ile hofu ya kwamba utamvunja mbavu, ndio inawezekana, lakini mbavu zinaunga.

Ile mashine ya kushtua moyo shule nyingi hatuna na sitajidai tutaipata kesho. Ila ulizeni mahospitali yaliyo karibu na viwanja vya mashindano makubwa, mjue iko wapi, na kwenye mashindano ya mkoa na taifa, ambapo wanakusanyika watoto maelfu, mi naona waandaaji waibebe, sioni kisingizio cha kuikosa.

Ya pili ni joto, na hii ndo imenifundisha zaidi maana ndo iliyompata kijana wangu. Kuna mtu anayezimia sababu ya joto akilazwa kivulini miguu juu anarudi, na kuna yule ambaye joto la ndani ya mwili limepanda mpaka digrii 40 na zaidi, huyu ubongo wake unapikwa. Utamjua kwa akili, anaongea vitu havieleweki, anayumba, anagoma, anakua mkali bila sababu, afu anaanguka. Usidanganyike na jasho, mchezaji anaweza kua anatoka jasho kama kawaida na bado anakufa. Marekani mwaka 2018 kijana wa miaka 19, Jordan McNair, alianguka mazoezini chuo kikuu cha Maryland, hakuingizwa kwenye maji baridi, akafariki wiki mbili baadae, na chuo chenyewe kikaja kukiri makosa. Wataalamu wa kule wana msemo wao, mpoze kwanza ndo umsafirishe, na wanataka apozwe ndani ya nusu saa. Hii ni kinyume kabisa na tulivyozoea sisi, sisi tunambeba na nguo zake za moto tunamfungia kwenye gari lisilo na hewa kilomita 14 za vumbi.

Watu wakisikia kumpoza kwenye maji ya barafu wanadhani ni mambo ya Ulaya. Sisi tunatumia turubai, lile la kuanikia mahindi. Mtoto analazwa katikati, watu sita wanashika kingo wanainua linakua kama bwawa, mnamwaga maji ya simtenki ndoo kwa ndoo na barafu zile za nailoni za shilingi mia dukani, maji mnayakoroga yasitulie, kichwa kiko juu kimeshikiliwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Barafu tunaagiza siku moja kabla kwa mama mwenye friji karibu na shule, kama elfu tano hivi, mechi ikiisha salama watoto wanazigawana. Asipewe maji ya kunywa kama hajielewi, yataingia mapafuni. Na kinga yake ni rahisi kuliko tiba, mechi za saa nane zihamie saa kumi, maji yawepo kila baada ya muda, na mtoto aliyekuja bila kula asicheze mechi mbili. Hili la kula tunaliogopa kuuliza kwa sababu tunajua jibu, sasa hivi mi nauliza na kunakua na sufuria la uji.

Kichwa na shingo. Aliyegongana akabaki chini analalamika shingo, au hasikii miguu, au kazimia baada ya kugongwa, huyo asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapa na miguu kama gunia, na hiki ndo kitu kinachofanyika kila wiki kwenye viwanja vyetu ili mechi iendelee. Mechi isubiri. Mtu mmoja anapiga magoti kichwani anashika kichwa kwa mikono miwili kikae kilivyo, anamwongelesha, na kama lazima ahamishwe basi anageuzwa mwili mzima kwa pamoja na watu wanne kwa hesabu ya huyo aliyeshika kichwa, anawekwa kwenye ubao. Sisi ubao wetu ni mlango wa zamani wa bweni.

Afu kuna yule anayegongwa kichwa, ananyanyuka, anasema niko poa mwalimu. Huyu ndo wa kuangaliwa. Anauliza sasa hivi ni ngapi ngapi, unamjibu, baada ya dakika anauliza tena. Ubongo umetikisika. Mwaka 2011 Ireland ya Kaskazini mvulana wa miaka 14 alikufa kwenye mechi ya ragbi ya shule, aligongwa kichwa zaidi ya mara moja na kila mara akaendelea kucheza. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla na hapo hakuna daktari wa kumrudisha. Uingereza mwongozo wao wa 2023 kwa michezo ya kawaida unasema mchezaji aliyetikisika ubongo asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Kwetu kocha anasema mpakeni maji aingie, fainali hii. Ukiwa na shaka mtoe, na wewe mwalimu ndo uwe na neno la mwisho kuliko kocha, kuliko mkuu wa shule, kuliko mtoto mwenyewe analia anataka kurudi.

Radi niiseme kwa kifupi. Januari 2025 wanafunzi 7 wa sekondari wilayani Bukombe mkoani Geita waliuawa na radi wakiwa shuleni. Uwanja wa mpira ndo sehemu mbaya zaidi, ni wazi na watoto ndo warefu kuliko kila kitu. Ukiona mwanga wa radi hesabu, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30 mechi inasimama, watu wote wanaingia ndani ya jengo, chini ya mwembe hapana, na hamrudi mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho.

Sasa mpango. Sisi wetu ni ukurasa mmoja, umeandikwa kwa mkono, umebandikwa ofisi ya walimu na nakala inakaa mfukoni mwa mwalimu wa zamu. Una majina ya watu, sio vyeo, kwa sababu ukiandika matroni na matroni kaenda msibani mpango umekufa. Kila siku ya mechi, dakika tano kabla ya kuanza, tunajaza majina upya. Mmoja ni wa mgonjwa, ndo anayeamua na hakuna anayemwingilia. Wa pili ni wa simu. Wa tatu ni wa geti, ana ufunguo shingoni toka mechi inaanza mpaka inaisha, na likitokea jambo yeye haangalii kilichotokea, anakimbilia geti anafungua anasimama barabarani. Wa nne ni wa watu, yaani kuwarudisha nyuma, na tumegundua viranja wa Form Four wanafanya hii kazi vizuri kuliko walimu. Wa tano ana boksi na daftari la wazazi, vinakaa kwenye benchi la akiba sio ofisini.

Huyu wa simu ana kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Wengi wanadhani unapiga tu namba moja gari linakuja. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji, 112 ni polisi, na ile 115 ya m-mama imewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, usiitegemee kwa mchezaji aliyevunjika mguu. Kwa shule ya kijijini msaada wa haraka ni namba ya mganga mfawidhi wa kituo chako cha afya na namba ya dereva wa gari la wagonjwa, na hizo hazipatikani siku ya tukio, zinatafutwa kabla. Mi nilikwenda na pikipiki nikaonana nao uso kwa uso. Mganga mfawidhi akaniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba nikimpigia mapema kabla hatujatoka anaandaa oksijeni na mtu wa kutupokea, nikifika ghafla jumamosi naweza kukaa benchi. Toka hapo kila bonanza namtumia meseji asubuhi, leo tuna mechi, saa fulani mpaka saa fulani. Na mtandao uangalieni, uwanja wetu laini moja inashika kona ya goli la kusini tu, kwa hiyo mtu wa simu anajua asimame wapi.

Gari nalo linakubaliwa kabla. Tuna wazazi wawili na bajaji mmoja, kila mechi mmoja wao anajua leo ni zamu yangu na mafuta yamo. Bodaboda kwa mtu aliyezimia au aliyeumia mgongo ni hapana kabisa, hata kama ndo iliyo karibu. Na kwenye gari wanaingia wawili, mmoja wa kumwangalia mgonjwa na mmoja wa kuongea na ndugu, wengine wanabaki na watoto mia tatu ambao wameona mwenzao anaanguka na wanaogopa.

Baada ya kuandika tukafanya mazoezi, na hapa ndo nilipoelewa karatasi peke yake ni karatasi. Mara ya kwanza nilimwambia mwanafunzi mmoja ajiangushe katikati ya mazoezi bila kuwaambia wengine, mkuu wa shule pekee ndo alikua anajua. Geti lilifunguka baada ya dakika sita. Ufunguo ulikua sahihi, kufuli lilikua na kutu. Hicho kitu usingekijua kwa kukaa kwenye kikao. Tukanunua kufuli jipya, tukarudia baada ya wiki mbili, dakika moja na nusu. Tunarudia kila muhula, na timu ngeni ikija mwalimu wao anaonyeshwa geti na ukurasa wetu kabla ya kupasha.

Kilichobaki kikawa kuwajua watoto wenyewe. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, duniani, makadirio yanayotajwa ni kama 11,000 kila mwaka, na hao wanakua wanakuja shule na wengine wanataka kucheza. Wapo wenye pumu, wapo wenye kifafa, wapo wenye moyo ulioharibiwa na homa ya mafindofindo ya utotoni ambayo haikutibiwa. Tulituma fomu fupi kwa wazazi, maswali manne tu, je kuna ugonjwa, kuna dawa anatumia, amewahi kuzimia akikimbia, kuna ndugu alifariki ghafla akiwa kijana. Haya mawili ya mwisho ndo ya thamani, mtoto aliyewahi kuzimia katikati ya kukimbia aende kuonwa na daktari kabla hajagusa mpira tena. Fomu zinakaa kwenye bahasha, wanaziona walimu wawili, hazisomwi mbele ya darasa.

Nyingi zilirudi zimeandikwa hakuna hakuna hakuna hakuna. Wazazi wanaogopa mtoto atanyanyapaliwa, na siwalaumu. Ila mama mmoja alikuja mwenyewe jumamosi asubuhi, akakaa ofisini kwangu muda mrefu anaongelea mvua na bei ya mahindi, afu akasema mwalimu, yule kijana wangu ana selimundu, sikuandika kwa sababu akijua nimewaambia atalia kwamba mmemtoa timu. Alikua winga wetu wa kulia. Nilikua nimemkimbiza raundi kumi za uwanja kwenye jua wiki hiyo hiyo kama adhabu ya kuchelewa.

Tulikwenda wote watatu kliniki, daktari akasema anaweza kucheza, anywe maji kabla hajasikia kiu, apumzike akijisikia kuchoka bila kuulizwa maswali, asikae na jezi iliyolowa kwenye baridi, na maumivu yakianza anatoka hapo hapo anawahishwa hospitali. Nimeyaandika nyuma ya ukurasa wa mpango bila jina lake, nimeandika namba ya jezi. Anatoka dakika ya 20, anaingia mwenzake, anarudi kipindi cha pili. Chupa yake ya maji ina kitambaa chekundu na inakaa pembeni ya boksi, kwenye benchi la akiba.